Kipimo cha haraka cha malaria (mRDT) kimesema sina, darubini imesema nina malaria mbili. Nimwamini nani?

#1 Mchuuzi wa Asali
Wakuu, naenda moja kwa moja. Ijumaa jioni nilianza kusikia baridi, viungo vyote vinauma, kichwa kinagonga kama kuna fundi bati ndani. Jumamosi asubuhi nikaenda zahanati ya serikali hapa Mbagala. Nikatobolewa kidole, tone likawekwa kwenye kile kipande cha plastiki, robo saa nikaambiwa "huna malaria baba", nikapewa vidonge vya maumivu nikarudi nyumbani.

Jioni homa ikarudi na jeshi lake. Wife akanikokota mpaka maabara ya binafsi mtaa wa pili. Wakatoboa kidole cha jirani yake, wakaweka kwenye kioo. Dakika arobaini baadaye nikapewa karatasi imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "BS: mps 2". Jamaa akasema "mzee una malaria mbili", nikauziwa mseto, dawa ya malaria.

Mtu mmoja, siku moja, majibu mawili. Mimi nashikilia kwamba hiki kipimo cha plastiki ni ujanja wa kubana matumizi ya dawa. Darubini ndiyo waliyopimwa nayo babu zetu. Dawa iko mezani, sijameza. Mnasemaje?

#2 Kiti cha Mbele
Nimekaa hapa nasubiri wataalamu.

#3 Fundi Friji
Mkuu umepigwa mchana kweupe. Hizi maabara za uchochoroni hakuna anayetoka bila malaria, maana pembeni ya darubini kuna dirisha la dawa. Kuna jamaa Tandika alipeleka damu ya kuku kwa makusudi, akaambiwa ana malaria tatu.

#4 Mpare Asiyekopesha
> Fundi Friji: *alipeleka damu ya kuku*

Hiyo stori nimeisikia tangu nikiwa sekondari, wakati huo kuku alikuwa mbuzi. Acha chai. Chembe nyekundu za kuku zina kiini katikati, za binadamu hazina. Hata mwanafunzi wa muhula wa kwanza akiitazama ataruka kwenye kiti. Isitoshe ndege nao wana malaria yao. Ronald Ross alimaliza kuchora mzunguko wa kimelea ndani ya mbu mwaka 1898 kule India kwa kutumia ndege, sio watu.

#5 Fundi Friji
Sasa si umenisaidia? Kumbe kuku alikuwa anaumwa kweli.

#6 Slaidi Nene
Nimecheka hapo juu. Haya, niko maabara mwaka wa 14 sasa, hospitali ya wilaya nisiyoitaja. Niwaonyeshe jikoni.

Slaidi ya malaria inayostahili jina ina matone mawili, nene na jembamba. Nene unalikoroga kwa kona ya slaidi nyingine mpaka lienee kama sarafu, na liwe jepesi kiasi kwamba ukiliweka juu ya gazeti unazisoma herufi kwa taabu. Linakauka lenyewe. Anayelianika juu ya taa ili awahi, huyo anaipika. Jembamba unalipitisha kwenye methanoli. Nene hapana, kwa sababu hapo tunataka chembe nyekundu zipasuke, zibaki chembe nyeupe na wadudu tu. Halafu rangi ya Giemsa. Ya asilimia 10 ni dakika 10. Ya asilimia 3 ni nusu saa hadi dakika 45, na ndiyo inayotoa picha safi, ila nani ana huo muda na foleni iko mlangoni? Suuza, simamisha ikauke, tone la mafuta, lenzi ya 100. Kabla sijaandika kwamba hakuna mdudu, natakiwa niwe nimesogeza slaidi na kutazama sehemu 100.

Sasa fanya hesabu. Slaidi moja kwa haki yake inakula dakika 6 hadi 10 za macho matupu. Jumatatu nakutana na slaidi 60. Dakika 6 mara 60 ni saa 6 bila kunyanyuka, na darubini ni moja. Unafikiri nini kinatokea? Mtu anatazama sehemu ishirini, anaandika, anaita "anayefuata!". Na rangi kama haikuchujwa, chenga zake zinakaa kwenye tone nene kama wadudu kabisa. Mtu mwenye haraka na mwenye wasiwasi anaziandika. Kwa hiyo Fundi Friji ana hoja, ila si lazima kuwe na wizi. Uchovu unatosha.

Lakini mleta mada, kabla hatujamhukumu mtu: BS ni slaidi ya damu, mps ni wadudu wa malaria. Sasa hiyo "mps 2" ni 2 ya nini?

#7 Mchuuzi wa Asali
Ndiyo imeandikwa hivyo tu mkuu. mps 2. Mimi najua malaria mbili, malaria tatu, kama kawaida. Kuna aina nyingine?

#8 Slaidi Nene
Ndiyo shida yenyewe. Nchi nzima tunasema "nina malaria mbili" kama bei ya maandazi, na hakuna anayeuliza.

Zamani, na mpaka leo sehemu nyingi, tunaweka misalaba. Msalaba mmoja ni wadudu 1 hadi 10 katika sehemu 100. Miwili ni 11 hadi 100 katika hizo 100. Mitatu ni 1 hadi 10 kwenye kila sehemu moja. Minne ni zaidi ya 10 kila sehemu, na huyo mara nyingi ameletwa kwa kubebwa.

Njia ya pili ni kuwahesabu wadudu sambamba na chembe nyeupe. Ukifika chembe nyeupe 200 unasimama. Tunachukulia kwamba mtu ana chembe nyeupe 8,000 kwenye maikrolita moja ya damu. Kama wewe una 2 kwa 200, basi ni 2 mara 8,000 gawa kwa 200, unapata wadudu 80 kwa maikrolita.

Na hapa ndipo penye utamu. Kipimo cha haraka kinaanza kuaminika kuanzia 100 hadi 200 kwa maikrolita. Chini ya hapo kinaweza kukaa kimya. Mtaalamu mzuri mwenye slaidi nzuri anaweza kushuka hadi 50 na chini yake. Kwa hiyo inawezekana kabisa zahanati haikukosea, na maabara ya mtaa wa pili nayo haikukosea.

#9 Mpare Asiyekopesha
Nyongeza ndogo. Hiyo 8,000 ni makadirio tu. Watu wengi wa huku chembe nyeupe zao ziko chini zaidi. Akiwa na 5,000, wadudu wake ni 50, sio 80.

#10 Slaidi Nene
Sahihi. Nimekubali, ingawa hujakopesha.

#11 Fundi Friji
Fundi amemtetea fundi mwenzake. Wadudu 50 kwenye tone dogo kuliko punje ya mchele, aliyeamka saa kumi alfajiri akawaona? Na kama angehesabu dhidi ya chembe nyeupe 200, angeandika kwenye karatasi. Hakuandika. Kwa hiyo hakuhesabu.

#12 Mwalimu Kiziga
Samahani wanajukwaa, darubini ni ya kutazamia nyota na meli. Ya kutazamia vijidudu inaitwa hadubini.

#13 Fundi Friji
Mwalimu, nenda maabara yoyote kuanzia hapa mpaka Tunduma uulize hadubini. Watakuelekeza duka la hardware.

#14 Slaidi Nene
Mwalimu yuko sahihi kwenye kamusi. Kazini kwetu kibandiko cha mali ya serikali kimeandikwa "darubini", na pale kwetu ukiitafuta hadubini kwenye leja hupati.

#15 Nesi Mstaafu
Marahaba kwa mtakaonisalimu. Naona mnamsulubisha mtu wa darubini, na hicho kipande cha plastiki mnakiacha kama malaika. Mimi nilikuwepo vipimo vya haraka vilipoanza kuletwa kwenye zahanati zetu. Tuliambiwa hata mhudumu wa kijiji atapima, na kweli anapima. Lakini niwaambie nilichokiona kwa macho.

Kila boksi lina bafa yake, yaani kile kichupa cha maji. Kichupa kikiisha kabla ya vipimo, mtu anaazima cha boksi jingine, au cha kipimo cha ugonjwa mwingine kabisa. Nimewahi kumkamata kijana anadondoshea maji ya dripu. Mistari inatokea miwili kwa kila mgonjwa! Siku hiyo kijiji kizima kilikuwa na malaria, pamoja na mimi niliyejipima kuhakikisha.

Halafu muda. Robo saa ni robo saa. Mtu anakisoma dakika ya tano kwa sababu foleni imechachamaa, mstari wa mgonjwa mwenye wadudu wachache haujapanda, anaandika hana. Mwingine anakisahau mpaka baada ya chai ndiyo anakisoma, kumbe kimechelewa mno. Na damu ni maikrolita 5 tu, tone dogo sana. Ukijaza, dirisha lote linakuwa jekundu unabahatisha.

Na joto. Boksi limeandikwa usizidishe nyuzi 40, wengine 30. Limesafiri kwenye buti ya gari kutoka wilayani, likakaa stoo yenye paa la bati isiyo na dari. Nani anajua?

Baba mwenye asali, dada wa zahanati alikisoma baada ya muda gani?

#16 Mchuuzi wa Asali
Robo saa nimeandika kwa mazoea bibi. Nikifikiria vizuri alikuwa anapiga stori na mwenzake, ilikuwa kama dakika saba nane. Sikuangalia saa, nilikuwa natetemeka.

#17 Fundi Friji
Uzi umebadilika ladha.

#18 Mama Wawili
Mimi yangu ni kinyume na mnisaidie. Mwanangu wa miaka 4 alipata malaria mwezi uliopita, kipimo cha haraka kikasoma anayo, akamaliza mseto siku tatu, akapona vizuri. Wiki mbili baadaye akapata mafua na joto kidogo. Kupima: anayo. Mseto tena. Wiki ya nne kikohozi. Kupima: anayo. Nikaambiwa mseto mara ya tatu, nikakataa nikaondoka naye. Nyumbani mama mkwe ananiambia mtoto ana malaria sugu. Je, ni sugu?

#19 Slaidi Nene
Dada, ulifanya vizuri kusita. Kipimo cha haraka hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta protini anayoimwaga kwenye damu, inaitwa HRP2. Mdudu akifa, protini inabaki inazunguka. Wiki mbili, wiki nne, kwa wengine zaidi. Ni kama harufu ya samaki jikoni, samaki mlishamla juzi. Kwa hali ya mwanao darubini ndiyo ya kwenda, kwa sababu inaonyesha kama mdudu yupo sasa hivi.

Na ukipewa majibu ya darubini uliza wameona mdudu wa hatua gani ya ukuaji. Wakikuta gametosaiti peke yake, zile zenye umbo la ndizi, hizo nazo huweza kubaki baada ya dawa bila kumletea mtoto homa.

#20 Nesi Mstaafu
Na mafua ni mafua, mwanangu. Watoto walipewa pua kabla hawajapewa malaria.

#21 Msoma Makala
Wote mmekwepa kubwa lao. Kuna wadudu wamepoteza kabisa jeni ya HRP2. Kipimo hakiwaoni hata wakiwa milioni. Waligunduliwa Peru, wakaandikwa 2010, na Eritrea wagonjwa walikuwa wanapimwa hawana huku slaidi zimejaa, mpaka 2016 nchi ikabadilisha aina ya vipimo. Mchuuzi anaweza kuwa nao. Ndiyo maana serikali inanyamaza.

#22 Daktari wa Zamu
> Msoma Makala: *Ndiyo maana serikali inanyamaza*

Ya Peru na Eritrea ni kweli, na Ethiopia na Djibouti nao wana tatizo hilo. Ila hapa umeruka mipaka. Mwaka 2021 sampuli zilichukuliwa kwenye mikoa 10 ya Tanzania kwa ajili ya jambo hilo hilo, na wadudu waliokosa jeni hiyo walikuwa wachache mno. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ibadilishe kipimo pale ambapo zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wanakosewa kwa sababu hiyo. Hatujafika huko. Pembe ya Afrika ni majirani, kwa hiyo kupima kunaendelea, lakini kwa mtu mmoja wa Mbagala hiyo ni sababu ya mwisho kufikiria, sio ya kwanza.

Na mimi nina ugomvi na swali lenyewe. Mnauliza nani mkweli kati ya vipimo viwili. Tatizo kubwa tuko sisi tunaoandika dawa. Mwaka 2004 ulitoka utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania: waliolazwa na kutibiwa malaria kali, waliokutwa na mdudu kweli kwenye slaidi iliyosomwa kwa makini hawakufika nusu. Ilikuwa asilimia 46. Mwaka 2007 ukatoka mwingine huko huko ukilinganisha hivi hivi vitu viwili mnavyobishania. Wagonjwa wengine walipimwa kwa darubini, wengine kwa kipimo cha haraka. Walioambiwa hawana malaria, zaidi ya nusu waliandikiwa dawa ya malaria hivyo hivyo. Pande zote mbili! Sasa kipimo kina kosa gani?

#23 Fundi Friji
Daktari amejichoma mwenyewe. Heshima.

#24 Daktari wa Zamu
Nimejichoma kwa sababu nimefanya. Usiku, mtoto ana nyuzi 39.5, kipimo kimesema hana, mama anakutazama machoni. Unaandika. Asubuhi unajiuliza ulimwandikia nani, mtoto au mama.

Mchuuzi, una jambo hujatuambia. Wiki tatu zilizopita ulikuwa wapi?

#25 Mchuuzi wa Asali
Kazi yangu si iko kwenye jina? Nilikuwa Kaliua nachukua mzigo. Nililala huko siku tisa, nimerudi Dar kama siku kumi na mbili zilizopita.

#26 Mpare Asiyekopesha
Uzi mzima watu wanatoa mate, kumbe jamaa katoka Tabora! Si ungeanza na hilo.

#27 Daktari wa Zamu
Mnaona? Kwenye takwimu za 2022, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na malaria nchi nzima ni kama asilimia 8. Tabora ilikuwa juu kabisa, kama 23. Na ugonjwa hujitokeza kuanzia wiki moja baada ya kuumwa na mbu, wengi ndani ya wiki mbili. Kwa mtu asiyetoka Dar ningeanza kufikiria mengine. Utafiti wa watoto zaidi ya 1,000 wenye homa Dar na Ifakara, uliochapishwa 2014, ulikuta malaria kwa mmoja kati ya kumi tu. Waliobaki wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Na tumeona dengi Dar 2010, 2014, 2019, nayo inauma viungo hivyo hivyo. Lakini mtu wa Kaliua siku ya kumi na mbili, kipimo kimesomwa dakika ya saba... huyo anapimwa upya leo, tena kwa saa na sio kwa kukisia.

#28 Mchuuzi wa Asali
Mnisamehe. Jana usiku homa ilinizidi, nimeshameza vinne vya kwanza na vinne vya alfajiri.

#29 Slaidi Nene
Haya. Umefuta ubao kabla mwalimu hajaona.

#30 Msoma Makala
Kwa nini? Si wakapime tu?

#31 Slaidi Nene
Mseto unafyeka wadudu kwa kasi. Mwenye wachache, ndani ya siku moja mbili slaidi inakuwa safi. Nikitazama kesho nisione kitu, siwezi kusema hakuwa nao jana. Na kipimo cha haraka, kama hakikuwaona mwanzo kwa uchache wao, hakitawaona sasa.

#32 Mgeni Muscat
Nawasoma kutoka Oman, mimi ni wa Tanga. Mwaka juzi nilirudi hapa kutoka likizo, wiki ya pili homa. Daktari alivyosikia Tanga aliacha kila kitu. Slaidi ya kwanza hakuna. Wakanizuia. Baada ya saa 12 slaidi tena, hakuna. Kesho yake ya tatu, wakaona. Nilikuwa nalalamika wananitoboa kama ungo, kumbe ndiyo utaratibu: moja ikikosa hawaridhiki. Na waliniambia mtu aliyekaa miaka nje kinga yake imeshuka, wadudu wachache tu wanamwangusha.

#33 Nyakwar Siaya
Mgeni amegusa jambo. Mimi niko Siaya, Kenya, kando ya ziwa. Huku kwetu watafiti walikuja shuleni wakapima watoto wazima kabisa, wanaocheza mpira. Wengi walikuwa nao. Kijana wangu alikuwa nao na siku hiyo alifunga mabao mawili. Kwa hivyo hata mkipata kipimo kisichokosea kabisa, kikisema mdudu yuko, je, ndiye analeta hiyo homa? Ama ni homa ya kitu kingine na mdudu yuko tu kama mpangaji?

Na swali: huku watoto walianza kupata chanjo ya malaria 2019. Aliyechanjwa akipimwa, si kipimo kitasoma anayo?

#34 Daktari wa Zamu
La pili ni jepesi: hapana. Chanjo imetumia protini nyingine, ya kimelea kile kinapoingia tu kutoka kwa mbu, kabla hakijafika kwenye chembe za damu. HRP2 haimo. Mtoto aliyechanjwa akisoma anayo, mtibuni.

La kwanza ndugu yangu, hapo hakuna kipimo duniani kinachojibu. Mtoto wa Siaya mwenye wadudu wachache na nimonia, anaweza kutibiwa malaria huku kifua kinamuua. Ndiyo maana kipimo kikisema anayo, usiache kumsikiliza kifua.

#35 Fundi Friji
Kwa hiyo kipimo kikikataa unaweza kuwa nayo, kikikubali unaweza kuwa huna, na ukiwa nayo inaweza isiwe yenyewe. Nimeelewa. Narudi kwenye mafriji.

#36 Nesi Mstaafu
Hahaha. Friji lako nalo mbona halipoi likipimwa?

#37 Mpare Asiyekopesha
Suala la ubora wa vipimo tuliache kidogo kuwasingizia Wachina na Wahindi. Shirika la Afya Duniani lilianza 2008 kuvijaribu chapa kwa chapa, wadudu 200 kwa maikrolita na wengi zaidi, vibovu vikaonekana hadharani. Kinachoingia kwa mlango wa serikali kinapitia huko. Cha kwenye begi la machinga sijui.

#38 Slaidi Nene
Na umeme? Mnasahau umeme. Ukikatika, darubini yangu ya taa inakuwa pambo. Mwenzangu wa kituo cha afya ana ile ya zamani yenye kioo, anaigeuzia dirishani apate jua. Wingu likipita anasubiri. Kipande cha plastiki hakijui Tanesco.

Hivyo mimi wa darubini nasema wazi: kijijini, mchana, mgonjwa mpya ambaye hajatibiwa karibuni, nipeni mRDT. Kwa aliyetibiwa mwezi huu, kwa aliyelazwa hajitambui tunayetaka kujua idadi inashuka au inapanda, hapo nipeni slaidi. Na msije mkadhani wingi wa wadudu unakisaidia kipimo cha haraka siku zote. Mara chache wakiwa wengi kupita kiasi kinazidiwa, mstari unafifia au haupo kabisa.

#39 Msoma Makala
Sasa hilo la wengi kupita kiasi mbona linakubaliana na mimi?

#40 Slaidi Nene
Halikubaliani na wewe. Linakupita karibu.

#41 Mchuuzi wa Asali
Wakuu, mrejesho, ni siku ya tano. Homa imekata tangu jana, nimekula ugali mzima. Leo nimekwenda kituo cha tatu, wakapima vyote viwili. Kipimo cha haraka: sina. Nilisimama na simu mkononi, dakika 17. Slaidi: hakuna kilichoonekana. Kisha wakanipima Widal, wakaniambia nina taifodi 1:80.

#42 Fundi Friji
Nilijua. NILIJUA. Bado UTI tu ufunge mkeka.

#43 Daktari wa Zamu
Widal ya 1:80 mara moja, kwa mtu wa huku, haimwambii daktari kitu cha maana. Usinunue sindano za taifodi. Kuhusu malaria: huenda ulikuwa na wadudu wachache na mseto umewamaliza, nami naegemea huko kwa sababu ya Kaliua. Maliza dozi, vidonge 24 vyote.

#44 Mpare Asiyekopesha
Au ilikuwa dengi. Nayo homa yake huanza kukata siku ya tano hivi, umeze mseto umeze pipi. Kuna aliyempima dengi? Hakuna.

#45 Fundi Friji
Au alikuwa na uchovu wa safari na karatasi ya kalamu ya bluu.

#46 Mchuuzi wa Asali
Wife anasema ni maombi yake. Mimi bado nawaamini wa darubini, ila nitaanza kubeba saa.

#47 Kiti cha Mbele
Samahani kwa kukatiza. Nilikuwa nasoma tu, ila sasa limenifika. Niko na mwanangu kituoni, mwaka na miezi minne, ana joto tangu jana. Kipimo chake hiki hapa: mstari wa C (wa kuonyesha kipimo kinafanya kazi) umekolea, wa T (wa malaria yenyewe) umefifia sana, lazima uelekeze kwenye mwanga. Mhudumu anasema mstari kama huo si kitu. Ni dakika ya 18. Hajapewa dawa ya malaria mwaka huu.

#48 Nesi Mstaafu
Mstari ni mstari, hata ukififia kama uzi wa buibui. Ndani ya muda wake maana yake anayo. Usiondoke hapo, mwombe akuitie mganga mkuu wa kituo amwonyeshe hicho kipimo. Mtoto ananyonya? Anatapika? Ana kilo ngapi?

#49 Kiti cha Mbele
Kilo 11. Ananyonya, hatapiki. Mkuu wa kituo amekuja, amekitazama dirishani, amesema kweli anayo.

#50 Nesi Mstaafu
Basi ni kidonge kimoja sasa, cha pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni mpaka vitimie sita. Kisage, mnyonyeshe au mpe uji wenye maziwa, dawa hiyo inataka mafuta. Akikitapika ndani ya nusu saa mrudishie kingine. Akilegea au akidegedeka usituandikie hapa, mrudishe hapo hapo.